Qadar isiwe kichaka cha kujifichia

  

Imetufikia barua fupi kutoka Singe, kata ya mji wa Babati mkoani Manyara. Mwandishi wake ni kijana ambaye jina lake tunalihifadhi. Anaeleza kuwa alipoteza jamaa katika maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, na kwamba msibani kila mzee alisema ni qadar ya Mwenyezi Mungu, naye akaitikia kwa moyo mmoja. Miezi ilipopita, swali likaanza kumnyima usingizi. Ikiwa vifo vile viliandikwa, kwa nini tunahimizwa kuhama kwenye njia za maji? Na ikiwa kuhama kunaokoa, vifo vile viliandikwa vipi? Anasema alipouliza baada ya darsa aliamriwa anyamaze, kwani maswali ya namna hiyo hufungua mlango wa ukafiri. Sasa anasoma vitabu alivyoazimwa na rafiki yake, vya waandishi wasemao kuwa maisha hayana maana yoyote ila ile anayoitunga mtu mwenyewe. Anamalizia kwa kusema kuwa hakubaliani nao, lakini angalau wao hawakumfukuza.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufanya tuache mada tuliyokuwa tumeikusudia Ijumaa hii.

Tuanze na hilo la kunyamazishwa. Imepokewa katika sahihi za Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ali bin Abi Talib (R.A.), kwamba siku moja masahaba walikuwa mazishini katika makaburi ya Baqii. Mtume (S.A.W.) akaja akaketi, nao wakaketi kumzunguka. Alikuwa na kijiti mkononi, akainamisha kichwa akawa anachora ardhi kwa kijiti kile. Kisha akawaeleza kuwa hakuna nafsi yoyote ila makazi yake ya Akhera yamekwisha kujulikana. Mtu mmoja akauliza papo hapo: kama ni hivyo, je, si tutegemee yaliyoandikwa na kuacha kufanya amali? Tazama, ndugu msomaji, ni swali lile lile la kijana wa Singe, limeulizwa makaburini, udongo ukiwa bado mbichi. Mtume (S.A.W.) hakumfokea aliyeuliza. Alimjibu kuwa watu watende, kwa maana kila mmoja atafanyiwa wepesi katika lile aliloumbiwa, kisha akasoma aya za Surat Al-Layl zinazomtaja mwenye kutoa na kumcha Mungu, na yule afanyaye ubakhili.

Jibu hilo halikufumbua fumbo kama wanavyotaka wanafalsafa. Lilimgeuza muulizaji uso: kutoka kwenye Ubao uliohifadhiwa, ambao hana macho ya kuusoma, kuelekea kwenye mikono yake miwili, ambayo anaiona. Hivyo basi, mwalimu anayemfukuza kijana kwa swali hili, japo kwa nia njema ya kulinda imani yake, anafanya jambo ambalo Mtume wake hakulifanya.

Sasa tuliangalie tukio lenyewe. Asubuhi mapema ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, kufuatia mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, vikaingia katika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Watu 89 walipoteza maisha. Kutoka Babati hadi Katesh ni mwendo wa kilomita zisizofika 100 kwa barabara ya Singida, na watu wa pande hizo mbili wameoana, wanauziana mifugo na mazao, wanazikana. Serikali ilieleza kuwa haikuwa volkano wala tetemeko: sehemu ya mlima ilinyonya maji mengi, na miamba yake dhaifu ikashindwa kuyahimili.

Yako mambo mawili ambayo watu huyasoma katika tukio kama hili, na yote mawili yanahitaji kusemwa bila kuzunguka.

La kwanza ni la wale wanaoharakisha kusema kuwa ni adhabu. Hawa wanadai wameona. Lakini wameona nini? Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 A.H., sawa na 1111), katika kitabu alichosimulia safari yake ya shaka na yakini, anaeleza jinsi alivyofikia kutoyaamini hata macho yake. Alikitazama kivuli akakiona kimesimama, kisha hesabu ya muda ikamthibitishia kuwa kinasogea. Aliitazama nyota akaiona ndogo mfano wa sarafu, na elimu ya falaki ikamwonesha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akakaa katika maradhi hayo ya shaka karibu miezi miwili, na hakuponywa kwa kupanga hoja, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Ikiwa jicho la Ghazali lilidanganywa na kivuli, hilo letu lenye kutazama tope kwenye runinga linajuaje kilichokusudiwa na Mola?

Naye Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, mwaka wa 10 A.H., jua lilipatwa siku ile ile, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Mtu mwingine yeyote angeuacha uvumi ule uenee, kwani ulimpa heshima. Yeye aliwakanya. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa sababu ya kufa mtu wala kuzaliwa kwake. Akamlilia mwanawe kwa machozi ya baba, na hakuruhusu machozi hayo yatafsiri mbingu. Katika Surat Al-Kahf tunasimuliwa habari za Nabii Musa (A.S.) na yule mja aliyepewa elimu kutoka kwa Mola wake: jahazi lililotobolewa, kijana aliyeuawa, ukuta uliosimamishwa. Sababu za mambo hayo zilijulikana kwa kufunuliwa, na Musa, Mtume mwenye kitabu, hakuzijua mpaka alipoambiwa. Anayesimama leo na kutangaza kwa nini Katesh na si kwingine, anajivika elimu ambayo Musa hakuwa nayo.

Na kama ni lazima aliyefukiwa apewe jina, sheria imekwisha kumpa. Imethibiti katika hadithi sahihi kuwa miongoni mwa mashahidi ni yule aliyekufa maji na yule aliyefukiwa na kifusi. Mfiwa Mwislamu ashike hilo, na maneno ya adhabu ayaache kwa wenye kuyasema.

La pili ni gumu zaidi, maana linavaa kanzu ya ucha Mungu. Ni neno lenyewe, "qadar".

Neno hili lina mahali pake. Mwenyezi Mungu anatueleza katika Surat Al-Hadid, aya ya 22 na ya 23, kuwa hakuna msiba unaofika katika ardhi wala katika nafsi zetu ila umo katika kitabu kabla haujaumbwa, na anatutajia hikma yake: ili tusihuzunike kupita kiasi kwa kilichotupita, wala tusifanye jeuri kwa tulichopewa. Neno la qadar, basi, ni dawa ya aliyejeruhiwa. Mama aliyelala Katesh usiku ule na watoto wake hakuwa na kosa lolote, na utabiri wa mvua si utabiri wa mlima kuporomoka. Kumwambia mama huyo kuwa angelihama ingelikuwa hivi na vile ni ukatili, na Mtume (S.A.W.) ametukataza kuufungua mlango huo wa "lau", akasema kuwa ni mlango wa kazi ya shetani. Hadithi hiyo iko katika Sahih Muslim. Lakini wengi wetu tunaisoma nusu. Kabla ya katazo hilo, hadithi hiyo hiyo inamwamuru Muumini ashikilie kwa bidii yale yanayomnufaisha, aombe msaada kwa Mwenyezi Mungu, na asijione hawezi. Bidii imetangulia, na kuridhika kumefuata. Sisi tumepindua mpangilio.

Tumepindua vipi? Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliozikwa peke yao walikuwa 228. Je, ilikuwa qadar? Naam, hakuna jani linaloanguka nje ya ujuzi wa Mola. Mjane wa Ukara ana haki ya kulisema neno hilo na kulilalia. Lakini mwenye dhamana ya kuhesabu vichwa kabla ya kamba kufunguliwa, yeye hana haki nalo. Likitoka kinywani mwa mfiwa ni subira. Likitoka kinywani mwa mwenye dhamana ni kukimbia hisabu, tena kwa kumsukumia Mwenyezi Mungu kosa la mja.

Hili si jambo tulilolibuni sisi. Surat Al-An'am, aya ya 148, inawataja washirikina waliotoa hoja kuwa lau Mungu angetaka wasingeshirikisha, wao wala baba zao. Hoja ya qadar kamili kabisa! Wakajibiwa kuwa hawana elimu, wanafuata dhana tu. Sheikh Ibn Taymiyya wa Damascus (aliyefariki mwaka 728 A.H.) alipoisherehesha hadithi ya Adam na Musa kujadiliana alibainisha kuwa Adam alitoa hoja ya qadar juu ya msiba wa kutolewa peponi, si juu ya dhambi aliyokwisha kuitubia. Qadar hutajwa katika misiba, haitajwi katika aibu zetu. Hakuna kadhi aliyemwachia mwizi kwa kuwa wizi wake uliandikwa. Na mwenye kuamini kuwa kila kitu kimeandikwa, basi mpige kofi uone kama atakaa kimya kwa ajili ya maandishi.

Historia ya Uislamu inatufundisha pia ni nani hupenda qadar ya namna hiyo. Katika zama za Bani Umayya walikuwepo waliowaambia raia kuwa dhuluma inayowapata ni mapenzi ya Mungu, hivyo anayelalamika analalamikia Mungu. Kwa kulipinga hilo, wengine walivuka mpaka wakakana qadar yenyewe, kama Ma'bad Al-Juhani wa Basra, na Ghaylan wa Damascus aliyeuawa katika utawala wa Hisham bin Abdul Malik (105–125 A.H.). Sisi hatufuati kauli yao, na Abdallah bin Umar (R.A.) alijitenga waziwazi na wakanushaji hao wa mwanzo. Lakini haki inadai tukumbuke kilichowasukuma. Upande wa pili Jahm bin Safwan na wenziwe wakamfanya mwanadamu kuwa mfano wa unyoya katika upepo. Wanazuoni wa Ahlu Sunna wakapita katikati. Imamu Abul Hasan Al-Ash'ari (aliyefariki mwaka 324 A.H.) alisema Mwenyezi Mungu ndiye muumba wa kitendo na mja ndiye mwenye kukichuma. Mfano wao ni mwepesi, na mkulima yeyote wa Singe anauelewa: mkono unaotetemeka kwa homa na mkono unaoinua jembe yote miwili inatikisika, lakini mwenye mikono anajua tofauti yake, wala hahitaji kusomeshwa. Huo wa jembe ndio atakaoulizwa.

Lakini somo lililo wazi kuliko yote tunalipata njiani, kwenye msafara wa Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.). Mwaka wa 18 A.H. alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, majemadari wakampokea na habari ya tauni. Hakukata shauri kwa ghafla. Aliwaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Answari, wakatofautiana vile vile. Akawaita wazee wa Kiquraishi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka, nao wote wakasema arudi na watu wake. Akatangaza kurudi. Ndipo Abu Ubayda bin Al-Jarrah (R.A.), mmoja wa masahaba kumi waliobashiriwa pepo, akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Mwenyezi Mungu. Umar alitamani swali lile lingetoka kwa mtu mwingine. Akajibu kuwa ndiyo, wanaikimbia qadar ya Mwenyezi Mungu kuiendea qadar ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano wa mfugaji aliyeshuka na ngamia wake katika bonde lenye kingo mbili, moja ya majani na nyingine kame: akilisha penye majani amelisha kwa qadar, na akilisha penye ukame amelisha kwa qadar. Baadaye akaja Abdurrahman bin Awf (R.A.) na hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafiki uamuzi huo: msiingie penye tauni, na ikiwakuta mlipo msitoke kwa kuikimbia.

Wafugaji wa Manyara hawahitaji kufafanuliwa mfano ule. Hakuna Mbarbaig wala Mwiraqw anayeacha ng'ombe wake penye ukame kwa sababu mvua imeandikwa.

Wala kisa hakikuishia hapo. Abu Ubayda alibaki na jeshi lake Sham, akafa kwa tauni ile. Umar alirudi salama, na miaka mitano baadaye akachomwa kisu msikitini Madina akisalisha alfajiri. Tauni ilimpita, kisu kikamfikia. Wahenga wetu wanaposema kuwa jitihada haiondoi kudura, wamesema kweli, na Umar ni shahidi. Lakini hawakusema kuwa kudura inaondoa jitihada. Kwa jitihada ile ya Sargh ulisalimika msafara mzima. Kwa bahati mbaya, neno tunalolisikia zaidi stendi na barabarani ni lile jingine, kwamba ajali haina kinga. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilipozinduliwa mwaka 2018, magari yanapita kwa kasi ambayo mavumbi ya zamani hayakuiruhusu. Dereva wa bodaboda anayebeba abiria wawili bila kofia ngumu, kisha akasema siku yangu ikifika imefika, hajamtegemea Mungu. Yule Bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Sasa tugeukie vile vitabu vya kuazima, maana kijana wetu amevitaja na si haki kuvipita kwa kuvilaani tu. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili wanaiita falsafa hiyo udhanaishi. Jean-Paul Sartre wa Ufaransa (1905–1980), katika mhadhara wake mashuhuri jijini Paris mwezi Oktoba 1945, alieleza kuwa mwanadamu hakuchorewa ramani na muumba yeyote. Yupo kwanza, kisha anajiumba mwenyewe kwa kuchagua, na hana udhuru wa kumtupia mwingine. Mwenzake, Albert Camus, mzaliwa wa Algeria, aliiona dunia kuwa ni bubu: mtu anaiuliza maana, nayo haijibu. Mwaka 1947 alitoa riwaya juu ya mji wa Oran uliovamiwa na tauni, ambamo padri anahubiri kuwa ni adhabu na tabibu asiye na dini anaendelea kuwauguza watu. Ni kweli kwamba tabibu yule anapendeza kuliko mhubiri yule. Lakini Mwislamu anayeisoma riwaya hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini mwandishi aliyezaliwa nchi ya Waislamu hakumwona Umar, aliyekuwa na imani ya mhubiri na busara ya tabibu kwa pamoja. Camus mwenyewe alifariki tarehe 4 Januari 1960 katika ajali ya gari la rafiki yake, na mfukoni mwake ikakutwa tiketi ya treni ambayo hakuitumia. Hatusemi zaidi ya hapo.

Na falsafa hii si mgeni wa juzi kwetu. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki Januari 2020, aliileta katika Kiswahili kwa ufundi mkubwa. Katika Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, msomi aitwaye Kazimoto anaitafuta maana ya maisha mpaka anajiua. Nagona na Mzingile, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zinakwenda mbali zaidi. Marehemu hakuwa mjinga wala mpotoshaji. Aliuona upweke wa kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa akaondolewa kwao bila kufikishwa kwingine, na akausema kwa ukweli unaouma. Tunachobishana nacho ni mwisho wa njia, si machungu ya msafiri.

Kwa maoni yetu, wadhanaishi wamepatia jambo moja ambalo baadhi ya masheikh wetu wamelisahau: mwanadamu hana udhuru. Qur'ani imelisema kabla yao. Surat Al-Qiyama inatuambia kuwa mtu ni shahidi juu ya nafsi yake, hata akileta nyudhuru zake zote. Surat Al-Ahzab, aya ya 72, inaeleza kuwa amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vikakataa kuibeba kwa kuiogopa, na mwanadamu akaibeba. Mlima Hanang, basi, hauna hisabu. Hisabu ni yetu sisi tunaoishi chini yake. Walipokosea ni pale wanaposema kuwa dhamana hiyo haina wa kudaiwa kwake. Deni lisilo na mwenye kudai si deni. Atakuja mwerevu mmoja aliulize hilo, na asipate jibu, alitupe begani, nao hawatakuwa na hoja ya kumrudisha. Ndiyo maana Kazimoto alifika alikofika.

Nasi tunakiri mpaka wa elimu yetu. Kwa nini tope lilipita nyumba hii na kuacha ile, hatujui, wala Uislamu haukutuahidi kujua. Tulichoambiwa ni maana ya maisha yenyewe, kwamba hayakuumbwa kwa mchezo, kama inavyotaja Surat Al-Mu'minun, na kwamba kufa na kuishi vimeumbwa ili tujaribiwe ni nani kati yetu mwenye amali njema zaidi, kama inavyotaja Surat Al-Mulk. Kijana wa Singe anataka maana ya tukio, naye amepewa maana ya umri. Tunajua kuwa hiyo si faraja ndogo wala si faraja rahisi, na huzuni yake hatumlaumu kwayo. Nabii Yaakub (A.S.) alilia mpaka macho yakawa meupe, naye ni Nabii. Lakini kijana anayekosa usingizi mwezi baada ya mwezi asiachiwe vitabu peke yake, vya dini wala vya wadhanaishi. Imamu amkaribishe, wazazi wakae naye, na apelekwe kwa daktari pia, kwani kutafuta dawa ni katika qadar vile vile.

Baada ya msiba wa Hanang, misikiti na makanisa vilichanga nguo na chakula, na Serikali ikajenga makazi mapya katika eneo la Waret. Hayo ni mema ya baada ya msiba. Tunauliza juu ya kabla yake. Mji wa Babati nao umekaa kati ya Mlima Kwaraa na Ziwa Babati. Miti ya Kwaraa inakatwa au hailindwi na nani? Nani anajenga juu ya mkondo wa maji kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi, na nani alimuuzia? Mitaro ya mtaa iliyojaa taka ni qadar ya nani? Maswali haya si ya ofisi za Halmashauri peke yake. Kamati ya msikiti inayoweza kukusanya fedha za zulia jipya inaweza pia kukusanya vijana na makoleo siku moja ya Jumamosi.

Tunapendekeza kwa maimamu wa Singe na Babati nzima jambo moja dogo, ambalo halihitaji mfadhili. Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa imetoa tahadhari ya mvua za El Nino kwa msimu wa vuli, nasi sote tuliisikia redioni kama tunavyosikia matangazo ya sabuni. Mamlaka hiyo hutoa utabiri wake kabla ya vuli na kabla ya masika. Karatasi hiyo ichapwe na ibandikwe kwenye ubao wa msikiti, pembeni ya ratiba ya swala, na khatibu aisome baada ya swala ya Ijumaa, watu wakiwa bado wameketi.

Wabillahi tawfiq.